Alice Kell: Nahodha aliyesimama imara soka la wanawake lilipofungiwa milango

Jina la Alice Kell halitajwi sana miongoni mwa mashabiki wa kandanda wa leo. Hata hivyo, beki huyo wa kulia ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya wanawake iliyovuta umati mkubwa kuliko zote nchini Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Aliiongoza timu yake katika siku za fahari, na akaitetea siku wakuu wa mchezo huo walipoamua kwamba wanawake hawastahili kuucheza.

Kutoka kiwandani hadi uwanjani

Kell alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Dick, Kerr katika mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza. Vita vilipozuka mwaka 1914, wanaume walipelekwa mstari wa mbele na wanawake wakachukua nafasi zao viwandani, wakitengeneza risasi na mabomu. Ni vita hivyohivyo vilivyofika hadi Afrika ya Mashariki, na ambavyo mwaka 1916 viliiondoa Burundi mikononi mwa Wajerumani na kuiweka chini ya Wabelgiji.

Wakati wa mapumziko, wasichana wa kiwanda hicho walikuwa wakicheza mpira uani pamoja na wanaume waliobaki. Kutokana na michezo hiyo ya kujifurahisha ikazaliwa timu, ikiwa chini ya uangalizi wa karani wa kiwanda, Alfred Frankland. Siku ya Krismasi mwaka 1917 walicheza katika uwanja wa Deepdale mbele ya watazamaji 10,000 na kushinda mabao 4 kwa 0. Mapato yalikwenda kwa hospitali iliyowatibu askari waliojeruhiwa. Tangu siku hiyo, kuchangia wenye shida kukawa ndiyo ada ya timu hiyo.

Nahodha dhidi ya Ufaransa

Mwaka 1920 timu ya wanawake kutoka Ufaransa, ikiongozwa na mwanamichezo mashuhuri Alice Milliat, ilizuru Uingereza kwa mechi nne. Ya kwanza, iliyochezwa Deepdale mwezi Aprili mbele ya watu 25,000, Kell na wenzake walishinda 2 kwa 0. Picha ya Kell akipigana busu la salamu na nahodha mwenzake wa Ufaransa, Madeleine Bracquemond, ilienea magazetini na ingali miongoni mwa picha maarufu za historia ya mchezo huo.

Baadaye mwaka huo timu ya Preston ilikwenda kurudisha ziara. Jijini Paris, watazamaji wapatao 22,000 walishuhudia sare ya bao 1 kwa 1. Mwezi Desemba ikachezwa mechi ya usiku huko Preston, uwanja ukimulikwa kwa taa kubwa za kijeshi zilizokuwa zikitumika vitani kutafuta ndege za adui, na mpira ukapakwa rangi nyeupe ili uonekane gizani.

Beki aliyegeuka mshambuliaji

Kilele kilifika katika sikukuu za Krismasi za mwaka 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, dhidi ya wanawake wa St Helens. Watu wapatao 53,000 waliingia, na maelfu wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi.

Siku hiyo Florrie Redford, mshambuliaji wa kati aliyetegemewa kwa mabao, hakufika. Hadi mapumziko timu ya Kell ilikuwa ikiongoza kwa bao moja tu. Katika kipindi cha pili nahodha akafanya jambo ambalo mabeki wengi hawathubutu: aliacha nafasi yake ya ulinzi, akasogea mbele na kufunga mabao matatu. Mechi ikaisha 4 kwa 0. Zaidi ya pauni 3,000 zilikusanywa kwa ajili ya askari wa zamani waliokuwa wakitaabika, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo.

Marufuku ya mwaka 1921

Mafanikio hayo hayakumfurahisha kila mtu. Wanaume walikuwa wamekwisharejea kutoka vitani, na ligi zao zilihitaji watazamaji. Tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kilitangaza kwamba kandanda haiwafai wanawake, na kikadai kuwa sehemu kubwa mno ya mapato ya mechi zao inatumika kwa gharama badala ya kuwafikia wahitaji. Vilabu wanachama vikaagizwa kutowaruhusu wanawake kuvitumia viwanja vyao.

Agizo hilo halikuwa sheria ya nchi, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa. Karibu kila uwanja wenye majukwaa ulikuwa mali ya klabu mwanachama. Asiye na uwanja hana watazamaji, na asiye na watazamaji hana fedha za nauli.

Kell hakunyamaza. Alieleza kwamba yeye na wenzake walicheza kwa kuupenda mchezo na walikuwa wameazimia kuendelea. Kuhusu fedha, hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: msichana wa kiwandani anayeacha kazi ili asafiri kucheza hukosa ujira wake, na ni haki afidiwe siku aliyoipoteza. Hakuna mchezaji, alisisitiza, aliyepokea zaidi ya shilingi 10 kwa siku.

Mwaka uliofuata timu ilivuka bahari ya Atlantiki, Kell akiwa miongoni mwa wasafiri. Wakuu wa soka wa Kanada walikataa wasicheze nchini mwao. Nchini Marekani wakakuta wamepangiwa kucheza na timu za wanaume. Katika mechi tisa, walishinda tatu, wakatoka sare tatu na kupoteza tatu.

Urithi wake

Timu hiyo, ambayo baadaye iliitwa Preston Ladies, iliendelea kucheza katika viwanja vidogo hadi mwaka 1965, ikiwa imecheza zaidi ya mechi 800. Marufuku iliondolewa rasmi mwaka 1971, baada ya takriban nusu karne. Wengi wa wasichana wa Goodison Park walikuwa wamekwishazeeka, na wengine hawakuwa hai kuiona siku hiyo.

Kwa wasikilizaji wa Burundi, mkasa huu si wa mbali. Lydia Nsekera alichaguliwa kuliongoza shirikisho la soka la nchi mwaka 2004, na mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati kuu ya FIFA. Mwaka 2022 timu ya taifa ya wanawake ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Morocco.

Hata hivyo, kwa msichana wa Giteranyi au wa kilima chochote cha Muyinga na Gitega, maswali aliyoyajibu Kell mwaka 1921 hayajapitwa na wakati: nani anaruhusiwa kuutumia uwanja, na nani atamfidia siku ya kazi aliyoiacha ili akacheze.