Karl Terzaghi, Mchunguzi wa Udongo

Karl Terzaghi alizaliwa Prague mwaka 1883. Alipokuwa akifundisha Istanbul, alipima udongo kwa vyombo alivyojiundia, akabaini kwamba maji yanayobanwa kati ya chembe huupunguzia udongo nguvu ya kujishikilia. Kitabu alichokichapisha mwaka 1925 kiliasisi taaluma ya mekanika ya udongo. Uzeeni aliufafanua udongo wa bwawa la Sasumua, Kenya, ambao vipimo vya kawaida viliutilia shaka, akaeleza kwa nini ulifaa. Alifariki Marekani mwaka 1963.

Hapa Rusizi, penye miteremko mikali, ugunduzi huo huokoa maisha: ukuta uzuiao udongo usipoachiwa matundu ya kutolea maji, mvua za masika huweza kuuangusha juu ya nyumba iliyo chini yake.

Zoezi: Bainisha virejeshi vilivyotumika katika kifungu hiki.