Bibi Rufaida na Mabinti wa Kitui

Mwaka juzi nilipita Kitui hadi Wote, Makueni. Mabinti waliohitimu uuguzi wakaninung'unikia: waajiri wengi wa Ghuba wataka kwanza miaka 2 ya kazi wodini, na huku kwetu kazi yenyewe haipatikani.

Nikamkumbuka Bibi Rufaida wa Madina. Huyu hakuwa na cheti. Yasimuliwa kuwa alijifunza uganga kwa baba yake, tabibu wa kabila la Aslam, akimsaidia kufunga vidonda. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, yeye alikuwa miongoni mwa waliompokea. Katika vita vya Handaki, mwaka 627, Saad bin Muadh alipigwa mshale, ukamkata mshipa wa mkono. Mtume akaamuru alazwe katika hema la Rufaida, pale msikitini. Saad alifariki baadaye. Bibi hakuacha kazi: mwaka 628 alitoka kwenda Khaybar kuwauguza majeruhi, na yasemekana alipewa fungu la ngawira sawa na wapiganaji.

Lakini Rufaida alikuwa na baba wa kumfunza. Binti mmoja wa Wote anajitolea zahanati ya kijijini kwao, bila mshahara, apate hiyo miaka 2.