Erikson: Mwana wa kambo aliyeifafanua nafsi ya mtoto

WANAOSOMEA ualimu hawamkosi Erik Erikson, mtaalamu aliyegawa makuzi ya binadamu katika hatua nane. Wachache wanajua kwamba elimu hiyo ilichipuka katika utoto uliojaa siri.

Alizaliwa Juni 15, 1902 mjini Frankfurt, Ujerumani. Mamaye, Karla Abrahamsen, Myahudi wa Denmark, aliolewa mwaka wa 1905 na daktari wa watoto, Theodor Homburger. Mvulana huyo alilelewa akiamini daktari ndiye babaye, na hata alipoujua ukweli hakupata kumtambua baba mzazi.

Shuleni alidhihakiwa kwa Uyahudi wake. Miongoni mwa Wayahudi wenzake, nywele za kimanjano na macho ya buluu vilimfanya aonekane mgeni.

Hakusoma chuo kikuu. Alizurura Ulaya akichora, hadi alipoitwa Vienna mwaka wa 1927 kufunza watoto. Huko Anna Freud, bintiye Sigmund Freud, alimwingiza katika taaluma ya saikolojia. Mnamo 1933, Wanazi walipotwaa mamlaka Ujerumani, alihamia Marekani. Alipopata uraia mwaka wa 1939 alijipa jina Erikson, yaani mwana wa Erik, mithili ya mtu aliyejizaa mwenyewe.

Katika kitabu chake cha 1950, Erikson alieleza kuwa kila umri una mtihani wake. Mtoto mchanga anayehudumiwa aliapo hujifunza kuamini ulimwengu; anayepuuzwa huushuku. Anayeanza kutembea hutaka kujitegemea, na akikemewa kila ajaribupo huingiwa na haya. Wa shule ya msingi hujenga bidii au hujiona duni. Kijana naye hutafuta jibu la swali lililomwandama Erikson mwenyewe: yeye ni nani?

Hata hivyo, nyumbani mambo hayakulingana na maandishi. Mwaka wa 1944 mwanawe, Neil, alizaliwa na ulemavu wa akili. Alipelekwa katika makao ya kutunzwa, na Erikson akawaambia wanawe wengine kwamba mtoto huyo amefariki. Neil aliishi mbali nao hadi ujana wake, alipoaga dunia.

Erikson alifariki Mei 12, 1994, akiwa na umri wa miaka 91. Aliyeumizwa na siri ya wazazi aliwatwika wanawe nyingine, na mizani yake mwenyewe ndiyo inayomhukumu: imani ya mtoto hujengwa na ukweli wa wanaomlea.