Mwana wa mhunzi na maradhi ya kichwa

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule yoyote ya Kisumu atakueleza kanuni ya Faraday bila kusita: sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme huzalika katika waya huo. Akitakiwa kutoa mfano, hana haja ya kwenda mbali. Maji ya mto Sondu yamekuwa yakizungusha mitambo ya Sondu Miriu tangu mwaka 2008, na megawati 60 za kituo hicho hazina asili nyingine ila kanuni hiyo. Lakini ukimwuliza Faraday alikuwa nani, na aliugua nini, atanyamaza. Lawama ni yetu tunaofundisha, kwa maana tumemgeuza binadamu kuwa swali la mtihani.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Babake, James, alikuwa mhunzi, mtu wa kazi kama ile ya mafundi wa jua kali wa Kibuye, ila afya yake ilikuwa dhaifu na nyundo mara nyingi ilimshinda. Mtoto alifunzwa kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofika umri wa miaka 13 alitumwa kazi kwa muuza vitabu aliyeitwa George Riebau, na mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu kwa miaka saba. Vitabu vilivyoletwa kushonwa alivisoma, na kwa njia hiyo akakutana na habari za umeme.

Mnamo 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy kitabu cha kurasa zipatazo 300. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Hesabu za juu hakuzijua hadi kufa kwake.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili, kila waya peke yake. Alipopitisha umeme katika waya wa kwanza, sindano iliyo karibu na waya wa pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ikashtuka tena. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Sumaku iliyotulia haikuzaa kitu. Iliyozaa umeme ni sumaku inayobadilika, na umeme huo ulizuka mahali ambapo waya hazikugusana.

Haikupita miaka kumi kabla ya mtu huyu kuvunjika. Tangu mwisho wa miaka ya 1830 alishikwa na kisunzi, maumivu ya kichwa na usahaulifu uliomtia hofu. Utafiti ukasimama karibu kabisa. Waganga wa wakati ule hawakuwa na la kumpa ila pumziko, na mwaka 1841 mkewe, Sarah, alikwenda naye Uswisi kwa miezi kadhaa, ambako alitembea milimani masafa marefu ajabu. Wapo wanaoshuku kwamba zebaki ya maabara ndiyo iliyomdhuru, haijathibitishwa. Alipata nafuu, na mwaka 1845 akagundua jinsi sumaku inavyougeuza mwanga, lakini kumbukumbu haikurudi sawasawa. Shajara yake ya majaribio ina aya zaidi ya 16,000 zilizopewa nambari kwa mfululizo. Alianza kuzihesabu kabla ya kuugua. Baadaye zikawa mkongojo wake.

Laiti angaliona yaliyofuata! Mwaka 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliweka waya uliozungushwa juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha mkondo mkubwa wa umeme kwa muda mfupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde, na mkono wa mtu yule ukacheza bila yeye kutaka. Sumaku ilikuwa imepenya fuvu na kuzaa umeme mdogo katika ubongo, kama pete ya 1831. Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha njia hii kwa wagonjwa wa sonona, ile huzuni nzito isiyokwisha, ambao dawa zimewashinda. Baadaye ikaidhinishwa pia kwa aina ya kipandauso. Mgonjwa huketi macho, bila kupasuliwa wala kulazwa usingizi, siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi sita. Isichanganywe na tiba ya mshtuko iliyoanzia Rome mwaka 1938, ambayo huamsha kifafa kwa makusudi. Wala si muujiza: wengi hupata nafuu, wengi hawapati, mashine ni ghali, na mwenye chuma kichwani haruhusiwi. Kama ingemfaa Faraday, hakuna ajuaye.

Nayaandika haya kwa sababu katika vijiji vya pwani ya ziwa letu mgonjwa wa akili bado hufichwa, na familia hutafuta aliyemroga. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, Mkenya aliyejaribu kujiua aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Na tusidhani imani ya mapepo ni ya wanaogonga sufuria usiku kuwafukuza nyawawa peke yao. Mwaka 1853 London nzima ilikuwa ikiamini kwamba mizimu husogeza meza. Faraday, huyu huyu aliyeogopa akili yake mwenyewe, alitengeneza kifaa rahisi kikaonyesha kwamba waliozunguka meza walikuwa wakiisukuma kwa mikono yao bila kujua. Wengi walimchukia kwa hilo.

Alikataa kupewa cheo cha heshima, akakataa uongozi wa Royal Society. Mwaka 1858, mwaka ule ule Speke alipoliita ziwa letu kwa jina la Victoria, malkia mwenye jina hilo alimpa mwana wa mhunzi nyumba ya kukaa huko Hampton Court. Kumbukumbu ilizidi kumtoka, na baada ya mwaka 1862 hakufanya jaribio tena. Alifariki humo tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini katika chumba chake cha kusomea.