Kasisi Thomas Kalume na Wimbo Ulioagizwa

Wapendwa, tulipoamua kuagiza wimbo mpya wa jubilei hii, baadhi yetu waliuliza kwa nini tusiimbe tu nyimbo tulizozoea. Basi tumkumbuke Kasisi Thomas Kalume wa pwani.

Mwaka 1963 Kenya ilitaka wimbo wake wa taifa kabla ya tarehe 12 Desemba. Kazi ikapewa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Kalume. Tuni waliitoa kwenye wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Ugumu wake wanakwaya mnaujua: wimbo wa mama mmoja na mtoto wake ulipaswa kutosha umati uwanjani na bendi ya tarumbeta na ngoma, tena ukubali maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Zikatoka beti tatu, na ubeti wa kwanza ni sala. Mzee Kenyatta aliusikiliza kwake Gatundu, hapa jirani na Thika, akaukubali.

Mwaka 1974 Kalume alichaguliwa Mbunge wa Malindi Kaskazini, kasisi wa kwanza nchini kuchaguliwa kuingia Bungeni. Hakukaa sana. Mwaka 1975 alifariki. Wimbo tunauimba kila sikukuu ya taifa, jina lake hatulitaji (sisi pia tumekosa hapo).

Leo, kabla ya wimbo wetu mpya, tutaimba ule wa 1963, beti zote tatu. Tafadhali tusimame.