Jules Verne: Aliyerusha Puto Kutoka Unguja Bila Kufika Unguja

Katika kila darasa wamo wenzetu ambao kitabu chenye kurasa mia mbili kwao ni mto wa kulalia wakati wa masomo ya jioni. Siwacheki, la hasha! Makala haya nimeyaandika kwa ajili yao hasa, kwani yupo mwandishi mmoja wa zamani aliyeijua dawa ya usingizi huo. Jina lake ni Jules Verne.

Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 huko Nantes, mji wa bandari nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa wakili, na kama wazazi wengi tunaowajua, alikuwa amekwisha kata shauri kwamba mwanawe atakuwa wakili vilevile. Kijana akapelekwa Paris kusomea sheria, na kweli akafuzu. Lakini moyo wake haukuwa huko. Alipenda kuandika michezo ya kuigiza, na mmojawapo uliigizwa mwaka wa 1850. Baba alipomtaka arudi nyumbani aichukue ofisi, alikataa katakata.

Basi alitaabika. Mwaka wa 1857 alimwoa mjane mwenye mabinti wawili, na kwa kuwa mapenzi hayajazi sufuria, alitafuta kazi katika soko la hisa. Alfajiri aliandika, mchana akaenda kazini, na nafasi ikipatikana alijitosa maktabani kusoma jiografia, sayansi na habari za wasafiri.

Mwaka wa 1862 alikutana na mchapishaji aitwaye Pierre-Jules Hetzel. Mzee huyu alitaka vitabu vya kuwafunza vijana elimu huku wakiburudika, na mwaka wa 1864 alianzisha jarida la kazi hiyo. Alimkubali Verne, na Januari 1863 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Majuma Matano Katika Puto.

Sasa sikilizeni, maana hapa habari inatuhusu. Safari ya puto hilo inaanzia Unguja! Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe wanapaa kwa puto la haidrojeni, wanavuka bara hadi ziwa letu la Victoria, wanatafuta chanzo cha mto Nile, kisha wanatokea Senegal upande wa magharibi. Wakati kitabu kinatoka, Speke na Grant walikuwa bado njiani kwa miguu katika safari yao ya kutafuta chanzo hichohicho. Lo! Mtu ameketi Paris, anawapita wasafiri kwa kalamu.

Vichekesho navyo havikosi. Wakifika Kaze, ambayo leo ni Tabora, wenyeji wanadhani puto ni mwezi umeshuka, na wageni ni watoto wa mwezi. Wanapokewa kwa heshima zote. Jioni, mwezi wenyewe unachomoza! Watoto wa mwezi, mbio!

Hapa tusimame kidogo. Nilicheka, lakini baadaye nikajiuliza nani anachekwa. Katika kitabu hichohicho kuna mahali nyani wanalishambulia puto, na wasafiri wanafanya mzaha kwamba kwa mbali nyani na wenyeji hawana tofauti kubwa. Mzaha huo ulinichoma. Verne hakuwahi kufika pwani yetu wala Tabora. Aliyoandika juu yetu aliyatoa katika vitabu vya Wazungu wenzake, dharau ikiwemo. Najua wapo watakaosema basi tumtupe. Mimi nasema mgala muue na haki yake mpe.

Haki yake ni ipi? Ni kwamba alijua kuificha elimu ndani ya kicheko. Chukua riwaya yake ya 1865, Kutoka Duniani Hadi Mwezini. Kule Baltimore, Marekani, kuna chama cha mafundi wa mizinga. Vita vimekwisha, nao wamechoshwa na amani, ingawa wengi wao wamepoteza mikono au miguu vitani. Kwa kukosa kazi wanaamua kutengeneza mzinga mkubwa wa kufyatulia mwezi. Watu watatu wanajitia ndani ya kombora pamoja na mbwa na kuku! Katika kitabu kinachofuata, mbwa mmoja anakufa, wanamtupa nje, naye anazidi kuwafuata pembeni. Unacheka, kumbe umekwisha funzwa fizikia: huko angani hakuna hewa ya kumrudisha nyuma.

Ni kweli kwamba mshindo wa mzinga ule ungewaua mara moja. Hata hivyo, kombora lake lilirushwa kutoka Florida, na mwaka wa 1969 Apollo 11 nayo iliondoka Florida ikiwa na watu watatu, ikarudi na kutua katika Bahari ya Pasifiki, kama kombora lile. Ama kuhusu Kuizunguka Dunia kwa Siku Themanini, iliyotoka 1873, mwanahabari wa Marekani, Nellie Bly, aliamua kuijaribu. Alianza safari mwaka wa 1889, akapita Amiens kumwamkia mzee, akamaliza kwa siku 72.

Maisha ya mzee mwenyewe hayakuwa kicheko siku zote. Mwaka wa 1886 mpwa wake aliyeugua akili alimpiga risasi mguuni, naye akachechemea hadi mwisho. Siku chache baadaye Hetzel akafariki. Verne hakuweka kalamu chini. Alipoaga dunia huko Amiens tarehe 24 Machi 1905, akiwa na miaka 77, alikuwa ameandika riwaya zaidi ya hamsini.

Enyi mnaoogopa vitabu vinene, anzeni na ile ya siku themanini. Ina mbio kama filamu. Mkifika kwenye ile ya nyambizi mkutane na orodha ndefu za samaki, rukeni tu, hakuna askari atakayewakamata.

Nanyi mnaopenda kuandika insha, nina ombi. Puto lile lilipita juu ya Unguja, Tabora na ziwa letu, likasimuliwa na waliokuwa juu. Waliokuwa chini, wakitazama angani, hawajasimulia. Huenda nao walicheka! Hebu mmoja wetu aandike riwaya hiyo, kwa Kiswahili, yenye sayansi na vichekesho vya kumwamsha hata yule aliyelalia kitabu. Mcheza kwao hutunzwa.