Eduardo Mondlane na bweni la vijana wakimbizi



Eduardo Mondlane alizaliwa 1920 kule Manjacaze, kusini mwa Msumbiji. Alichunga mifugo mpaka karibu miaka 12, ndiyo akaingia masomo. Wamisheni wa Uswisi walimfungulia njia, na kutoka pale karibu kila hatua ililipwa na mtu mwingine. Alifika Witwatersrand, Johannesburg. Serikali ya ubaguzi ikamfukuza 1949. Akaenda Lisbon, polisi wakamsumbua. Mwisho mfuko wa Phelps-Stokes ukamlipia Marekani: Oberlin, kisha Northwestern, akatoka daktari wa sosiolojia. Akapata kazi Umoja wa Mataifa. Angeweza kubaki kule na mshahara wake, nani angemlaumu?

Akarudi. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, yeye akawa rais. Vijana walikuwa wanavuka mto Ruvuma, wengi wao masomo kidogo sana. Basi 1963 yeye na mke wake Janet wakaanzisha Taasisi ya Msumbiji: kwanza bweni, halafu sekondari. Janet ndiye aliyeongoza na kutafuta franga, na sisi wa miradi tunajua kazi hiyo inavyochosha. Shirika la Ford lilitoa za kwanza. Ureno ikalalamika kwa Wamarekani, Ford haikuendelea tena. Na bweni limeshajaa batoto! Ikabidi kugonga milango ingine: makanisa, Uswidi na wengine.

Shida ingine ilitoka ndani. Wanafunzi wengi walitaka kutumwa ng'ambo. Chama kilitaka waende kufundisha na kupigana ndani ya nchi. Machi 1968 kukawa fujo, shule ikafungwa. Mimi siwalaumu wanafunzi wote, maana rais mwenyewe alisoma ng'ambo. Lakini yeye alirudi. Sisi tuliotoka Meheba, Kala na Mwange tunajua mabishano hayo: kijana aliyesoma Kiingereza Zambia anafika hapa Lubumbashi, Kifaransa hajui, minerivali hakuna, anataka kuvuka Kasumbalesa tena.

Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kitabu alichotumiwa kwa posta, bomu likamuua pale Dar es Salaam. Mwaka uliofuata sekondari ya FRELIMO ilifunguliwa Bagamoyo.